Uvuvi Juu ya Ziwa Lililoganda

Ziwa huganda kuanzia juu kwenda chini, na uvuvi wote wa majira ya baridi katika nchi za kaskazini umejengwa juu ya jambo hilo moja. Maji yanapopoa huwa mazito na kuzama, lakini mwenendo huo hukoma yakifika takriban nyuzi 4 za Selsiasi. Yakipoa kupita hapo huanza kuwa mepesi tena, hivyo hubaki juu. Na yakishafika sifuri huwa barafu, ambayo ni nyepesi kuliko maji yaliyoizaa na kwa hiyo huelea. Lau maji yangekuwa kama vimiminika vingine vingi, ambavyo huzidi kuwa vizito kila vinavyopoa, barafu ingeanzia kwenye tope la chini ikapanda, na ni samaki wachache mno ambao wangefika hai majira ya kuchipua.

Kabla ya kuganda, ziwa hujipindua. Majani yanapopukutika na usiku kurefuka, maji ya juu hupoa, huzama na kusukuma yale ya chini yapande, mpaka ziwa zima liwe na baridi moja. Msukosuko huo hupeleka oksijeni mpaka vilindini, na akiba hiyo ndiyo samaki watakayoitumia miezi yote ambayo kifuniko kitakuwa kimefungwa. Ziwa Tanganyika halijui jambo hili. Maji yake ya chini hukaa kwenye takriban nyuzi 23 mwaka mzima, hayachanganyiki na ya juu, na vilindi vyake havina oksijeni ya kuwatosha samaki. Mvuvi wa dagaa wa Kigoma hupanga kazi yake kwa mwezi na upepo, kwa kuwa taa zake huvuta dagaa vizuri katika giza. Mwenzake wa Manitoba nchini Kanada au Minnesota nchini Marekani hupanga yake kwa barafu: imekuja lini, ni ya aina gani, na itaondoka lini.

Kina cha ziwa huamua mengi. Katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, Erie lina wastani wa kina cha mita 19 tu, na Superior mita 147. Baridi ileile inayolifunika Erie karibu lote huenda ikaacha sehemu kubwa ya Superior wazi, kwa sababu ziwa lenye kina kirefu limehifadhi joto jingi la kiangazi na huchukua muda mrefu kulitoa. Upepo nao una neno lake. Usiku mmoja mtulivu wa baridi kali huweza kuligandisha ziwa dogo kutoka ufuko hadi ufuko, na dhoruba ya kesho yake ikavunja kazi yote ile.

Barafu ikishashika, hukua haraka siku za kwanza kisha ikapunguza mwendo, kwa kuwa joto la maji ya chini lazima lipite ndani ya barafu yenyewe ili lifike hewani, na kila sentimita inayoongezeka ni kizuizi kipya. Mwanafizikia Josef Stefan wa Vienna aliieleza hesabu hiyo mwaka 1891: ili unene uwe mara mbili, baridi inayohitajika ni mara nne. Theluji huiharibu hesabu. Ikianguka mapema juu ya barafu changa, huizuia baridi isifike chini, na ziwa lenye theluji nyingi huweza kuwa na barafu nyembamba kuliko jirani yake aliyepulizwa na upepo mpaka akabaki mtupu. Theluji nzito hufanya jambo la pili: huikandamiza barafu mpaka maji yapande kupitia nyufa, yakachanganyika na theluji kuwa uji wa baridi, na uji huo ukiganda hutoa barafu nyeupe yenye vipovu. Barafu nyeupe ina takriban nusu ya nguvu za ile angavu iliyotokana na maji matupu. Mvuvi anayeuliza unene tu ameuliza nusu ya swali.

Mahali pazuri pa kuona uvuvi wa biashara juu ya barafu ni Ziwa Winnipeg katika jimbo la Manitoba, Kanada. Ni ziwa kubwa, takriban kilomita za mraba 24,500, lakini si la kina: wastani wake ni mita 12. Wahamiaji kutoka Iceland walifika ufukoni mwake, mahali panapoitwa Gimli, mwaka 1875. Walikuwa wanajua bahari ya chumvi. Lakini kuvua chini ya barafu ni jambo ambalo Wakrii na Waojibwe, wenyeji wa nchi hiyo, walikuwa wakilifanya tangu zamani. Leo uvuvi wa biashara wa ziwa hilo una misimu yake, na ule wa baridi huanza pale tu barafu inapoweza kubeba watu, mashine na mzigo.

Shida ya kwanza ni ya kimaumbile. Wavu wa kutega una urefu wa makumi ya mita, na maji yako chini ya sakafu ngumu. Utaupitishaje? Zamani mti mrefu ulisukumwa kutoka tundu hadi tundu, na matundu yalichimbwa mengi, kazi ya kuvunja mgongo. Kisha ukaja ubao ambao wavuvi wa huko huuita jiga. Ni ubao wa kuelea wenye urefu unaokaribia mita mbili, uliokatwa nafasi katikati, na ndani ya nafasi hiyo pana mkono wa chuma uliounganishwa na kamba. Ubao huingizwa kwenye tundu moja ukaelea ukigusa barafu kwa chini. Mvuvi akivuta kamba, mkono huichoma barafu na kuusukuma ubao mbele hatua moja. Akiilegeza, mkono hurudi mahali pake. Vuta, legeza, vuta, legeza, na ubao unajiendea gizani huku ukikokota kamba nyuma yake. Mwenzake hutembea juu akisikiliza mgongano wa chuma na barafu au, kama barafu ni angavu, akiutazama ubao wenyewe ukipita chini ya viatu vyake. Ukifika umbali unaotakiwa, hutoboa tundu la pili, huinasa kamba, na wavu huvutwa kuingia chini, maboya juu na vyuma chini, kama wavu mwingine wowote. Kuanzia hapo matundu mawili yanatosha: wavu ukitolewa upande mmoja ili samaki wachopolewe, kamba hubaki chini ikingoja kuurudisha.

Chombo hicho ni cha kijanja kuliko kinavyoonekana, na pia kinaonyesha jinsi hali ya barafu inavyoingia katika kila hatua ya kazi. Barafu iliyokunjamana kwa chini, iliyojengwa na vipande vilivyovunjwa na upepo vikagandishwa upya, huikwamisha jiga. Barafu yenye theluji nene huificha, na msikilizaji hubaki kukisia. Barafu ya zaidi ya mita moja, ambayo si ajabu mwishoni mwa baridi, huchosha hata keke ya injini.

Samaki anayetafutwa hapo ni hasa wolai, samaki mwenye macho makubwa yanayorudisha mwanga, pamoja na ndugu yake soga, na waitifishi, jamaa wa mbali wa samoni. Akitoka majini hukutana na hewa ya nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, na huweza kuwa mgumu kama kuni kabla hajafika sandukuni. Anayetaka kuuza samaki mbichi asiyeganda lazima amkinge njia nzima. Ndiyo maana magari ya minyororo yenye kibanda cha joto, ya aina aliyoianzisha Joseph-Armand Bombardier wa Quebec kwa hataza ya mwaka 1937, yalipokewa kwa furaha na wavuvi wa maziwa haya. Kabla yake kazi ilifanywa na farasi na mbwa.

Uvuvi wa mshipi ni wa watu wengi zaidi na wa vifaa vichache. Katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, mvuvi huhitaji keke ya kutoboa tundu la upana wa sentimita 20 au 25, fimbo fupi isiyofika mita moja, chambo, na mtaimbo wa kupigia barafu mbele yake anapotembea. Wenye uwezo huvuta nyumba za magurudumu zenye jiko na vitanda, na ziwa kama Mille Lacs huota vijiji vyenye barabara, vijiji ambavyo sheria huamuru viondolewe mwezi Machi, mapema kusini mwa jimbo na baadaye kidogo kaskazini, kwa kuwa nyumba iliyozama huwa taka ya ziwa.

Idara ya Maliasili ya Minnesota hutoa vipimo ambavyo kila mvuvi huvijua kwa kichwa. Mtu anayetembea kwa miguu anahitaji barafu angavu ya sentimita 10. Pikipiki ya theluji, sentimita 13 hadi 18. Gari dogo, takriban 25. Gari la mizigo la kawaida, zaidi ya 30. Kwa barafu nyeupe vipimo hivyo huzidishwa mara mbili. Idara hiyohiyo hukariri kila mwaka kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa, nayo ina sababu. Mahali mto unapoingia, chini ya daraja, juu ya chemchemi, au kandokando ya matete, unene hubadilika ndani ya hatua chache. Ndiyo kazi ya mtaimbo: hugonga barafu mahali ambapo mguu haujafika.

Samaki nao wana misimu ndani ya msimu. Wavuvi wa mshipi husifu sana barafu ya kwanza, ile ya wiki za mwanzo. Oksijeni bado ni tele, majani ya majini kwenye kina kifupi bado ni mabichi, na samaki wanawinda karibu na ufuko. Januari na Februari mambo hupoa kwa maana zote mbili. Mwili wa samaki hufuata baridi ya maji. Mmeng'enyo hupungua, mahitaji ya chakula hupungua, na samaki hukusanyika kwenye vilindi, ambako maji ya karibu nyuzi 4 ndiyo yenye joto kuliko yote ziwani. Chambo lazima kiwe kidogo na kichezeshwe taratibu. Si wote wanaosinzia, hata hivyo. Trauti wa ziwani hupenda maji baridi na huendelea kuwinda. Baboti, samaki mrefu mwenye sharubu moja kidevuni, hutaga mayai yake katikati kabisa ya baridi, gizani, chini ya barafu. Kisha huja barafu ya mwisho: jua la Machi huyeyusha theluji, maji mapya yenye oksijeni huingia kwa matundu na vijito, na samaki huamka. Paiki husogea kwenye midomo ya mito akingoja kutaga mara barafu itakapoachia.

Bahati mbaya ni kwamba wakati samaki wanapokula vizuri, mwanzoni na mwishoni, ndipo barafu inapokuwa ya hila zaidi. Ile ya mwanzo ni nyembamba lakini angalau ni ngumu. Ile ya mwisho ni mbaya kuliko hiyo, kwa kuwa inaweza kuwa na sentimita 50 na bado isibebe mtu: jua hupenya kwenye mishono ya fuwele zake, likazitenganisha kuwa vijiti vilivyosimama wima bila kushikana. Na kwenye maziwa makubwa upo upepo. Tarehe 7 Februari 2009, upande wa magharibi wa Ziwa Erie, jimbo la Ohio, bamba kubwa la barafu lilimeguka kutoka ufukoni likaelea na wavuvi zaidi ya 100 juu yake. Barafu yenyewe ilikuwa nene ya kutosha. Kilichokosekana ni mshiko kwenye nchi kavu, baada ya joto la muda na upepo uliovuma kutoka bara. Helikopta na boti ziliwaokoa, lakini mtu mmoja alifariki. Mwishoni mwa Desemba 2023, Minnesota ikiwa na baridi hafifu isiyo ya kawaida, jambo la namna hiyo lilitokea kwenye ziwa la Upper Red, na tena zaidi ya watu 100 waliokolewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 juu ya watu waliozama majini wakati wa baridi katika nchi 10 ulikuta kwamba vifo huongezeka pale hali ya hewa inapokaribia sifuri. Baridi kali sana huua wachache kwa njia hiyo, maana barafu yake inaaminika.

Chini ya barafu, hesabu kubwa ni ya oksijeni. Barafu angavu hupitisha mwanga, na mimea midogo ya majini huendelea kutengeneza oksijeni hata Januari. Theluji nene hufunga mwanga huo. Kwenye ziwa la kina kifupi lenye matope na majani mengi yanayooza, akiba iliyoingia wakati ziwa lilipojipindua huliwa wiki baada ya wiki bila kurudishwa, na samaki huanza kufa kabla ya majira ya kuchipua. Hawafi kwa pamoja. Trauti na wolai hutangulia. Paiki na pechi wa manjano huvumilia zaidi. Kambare wadogo weusi huweza kubaki karibu peke yao. Ziwa huamka likiwa na samaki wa aina nyingine kuliko lilivyolala, na huchukua miaka kurudi lilikokuwa. Mahali pengine huwekwa mashine za kupulizia hewa ili kipande cha ziwa kibaki wazi, na kipande hicho lazima kizungushiwe alama, kwa sababu mashine iliyowekwa ili samaki wapone huidhoofisha barafu anayokanyaga mvuvi.

Lakini barafu inagusa uvuvi kwa undani zaidi kupitia mayai, na huko matokeo hayaonekani mwaka huohuo. Waitifishi hutaga Novemba na Desemba juu ya miamba na changarawe kwenye kina kifupi. Mayai huingia katika nafasi za mawe na kukaa humo miezi mitano hivi, mpaka Aprili au Mei. Barafu ikifunika miamba hiyo, mawimbi hayapo, na mayai hulala yalipo. Isipofunika, dhoruba za Januari huyang'oa, huyasaga kwenye mawe au huyafukia kwa mchanga. Uchunguzi uliofanywa miaka ya 1980 katika ghuba ya Grand Traverse, Ziwa Michigan, ulionyesha kwamba miaka ya barafu nyingi ilitoa vifaranga wengi kuliko miaka ya barafu chache. Pechi wa manjano wana tatizo tofauti, kwa kuwa hutaga majira ya kuchipua. Utafiti wa pechi wa Ziwa Erie uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba majike waliopitia baridi fupi walitaga mayai madogo, na machache zaidi kati ya hayo yakaanguliwa. Mwili wa jike huhitaji muda mrefu wa baridi ili kukamilisha mayai. Hapo tofauti inajidhihirisha: kwa mvuvi barafu ni sakafu, kwa samaki ni paa, na msimu mbovu kwa mmoja si lazima uwe mbovu kwa mwingine. Theluji nyingi humsumbua mvuvi kwa uji na humnyima samaki hewa. Lakini barafu ya kati, yenye nyufa na isiyokanyagika, bado huweza kulinda yai la waitifishi.

Kumbukumbu za kuganda kwa maziwa ni za zamani kuliko vipimajoto. Makuhani wa Shinto kwenye Ziwa Suwa, Japani, waliandika tarehe za barafu tangu mwaka 1443, kwa sababu za ibada. Mwaka 2000, watafiti waliokusanya kumbukumbu za maziwa na mito ya kaskazini kati ya 1846 na 1995 walikuta kwamba barafu ilikuwa ikichelewa kuja kwa takriban siku 6 kila miaka 100, na kuwahi kuondoka kwa siku 6 na nusu. Tangu hapo mwendo umeongezeka. Katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, ambako eneo lililofunikwa hupimwa kila mwaka tangu 1973, kilele cha kawaida ni zaidi kidogo ya nusu ya maji yote. Mwaka 1979 kilifika karibu asilimia 95, na hata 2014 kilipita 90. Katikati ya Februari 2024, wakati ambapo barafu hukaribia kilele chake, iliyokuwepo ilikuwa asilimia chache tu.

Kwa wavuvi, wastani huo wa muda mrefu una madhara madogo kuliko kuyumba kwake. Msimu uliofupika kwa wiki mbili unaweza kuzoeleka. Kinachowatesa ni ule muda wa katikati, ambao barafu ni nene mno kwa boti na nyembamba mno kwa mguu, na ambao kwenye baridi hafifu hurudi mara tatu au nne kati ya Desemba na Machi. Nyavu zilizotegwa chini ya barafu iliyovunjika ghafla hukokotwa na mabamba na kupotea. Wenye nyumba za kukodisha, wauza chambo na wanaosafisha barabara za ziwani hulipwa kwa siku za barafu nzuri tu.

Kwa waitifishi mambo yamechanganyika zaidi. Katika maziwa ya Michigan na Huron samaki hawa wamepungua sana, na barafu si mshitakiwa pekee, wala pengine si wa kwanza. Kome wa kigeni aitwaye kwaga, aliyeletwa na maji ya matangi ya meli, ametapakaa chini ya maziwa hayo na huchuja vijidudu ambavyo vifaranga wapya wangevila. Yai lililonusurika mawimbi sasa hutoa kifaranga anayekuta maji masafi yasiyo na chakula. Kutenganisha sehemu ya barafu na sehemu ya kome ni kazi ya miaka mingi, kwa kuwa waitifishi hakui haraka. Walioanguliwa kutokana na mayai ya majira ya baridi ya 2023 kuingia 2024, yaliyokaa kwenye miamba karibu bila paa, hawatarajiwi kuingia nyavuni kwa idadi ya kuhesabika kabla ya mwisho wa muongo huu.